Bob Naye Aliondoka

Kila orodha ya albamu bora za waliokuwa Wailers ninayokutana nayo ina ugonjwa uleule. Inaanza na Peter Tosh, inamalizia na Bunny Wailer, kisha inafunga hesabu. Bob Marley hayumo. Ukiuliza kwa nini, unatazamwa kana kwamba umeuliza kwa nini mwenye nyumba hayumo kwenye orodha ya wapangaji. Unaambiwa Bob si Mwailers wa zamani, Bob ndiye Wailers. Wenzake wawili walitoka, yeye alibaki.

Sikubali. Bob naye aliondoka, tena aliondoka kipindi kilekile walichoondoka wenzake, ila yeye aliondoka na jina. Albamu zake zote kuanzia Natty Dread ya 1974 ni albamu za mtu mmoja, sawa na Legalize It ya Tosh na Blackheart Man ya Bunny, na zinatakiwa kupangwa nazo katika mstari mmoja. Na zikipangwa kwa kusikilizwa badala ya kusujudiwa, namba moja si ya Bob.

Tuanze na bendi yenyewe, maana wengi wanaobishana hawajawahi kuisikia. Ni Trench Town, Kingston, mwaka 1963. Wanakutana Bob, Neville Livingston aliyeitwa Bunny, Winston McIntosh aliyejifupisha akawa Peter Tosh, Junior Braithwaite, na mabinti wawili, Beverley Kelso na Cherry Smith. Mwimbaji Joe Higgs ndiye anayewafundisha kupatanisha sauti. Bob na Bunny walikuwa wamekua pamoja tangu kijijini Nine Mile, na baadaye mama yake Bob na baba yake Bunny wakaishi pamoja, wakazaa binti. Kwa hesabu za kwetu hao ni ndugu na hakuna mjadala. Mwaka 1964 wimbo wao "Simmer Down" ukawika Jamaika nzima. Baada ya hapo kundi likapungua wakabaki watatu, na hao watatu ndio Wailers: Bunny juu, Bob katikati, Peter chini. Mafiga matatu.

Walikaa hivyo miaka mingi. Walidhulumiwa na maprodyuza, walikosa hela ya kula, Bunny akafungwa zaidi ya mwaka kwa kesi ya bangi, akatoka, wakaendelea. Walifanya kazi na Lee "Scratch" Perry, na huko wakawapata ndugu wawili, Aston Barrett wa besi na Carlton Barrett wa ngoma, ambao bila wao hadithi yote hii ingekuwa na mdundo mwingine. Kisha Chris Blackwell wa kampuni ya Island akawachukua. Mwaka 1973 zikatoka albamu mbili, Catch a Fire na Burnin', na kwenye jalada za zote mbili jina ni The Wailers. Ndani yake Peter anaongoza "400 Years" na "Stop That Train", Bunny anaongoza "Hallelujah Time" na "Pass It On". Hawakuwa waitikiaji wa Bob.

Sasa angalia kilichofuata. Jalada la kwanza la Catch a Fire lilitengenezwa kwa umbo la kiberiti cha gesi kinachofunguka. Mwaka 1974 albamu hiyohiyo, nyimbo zilezile, ilitolewa upya ikiwa na jalada jingine: picha ya Bob peke yake akivuta, na jina limebadilika kuwa Bob Marley and the Wailers. Albamu iliyoimbwa na watu watatu ikapewa uso mmoja. Hakuna noti iliyobadilishwa. Aliyeinunua mwaka ule, na aliyeinunua miaka yote iliyofuata, aliamini ananunua kazi ya Bob na kundi lake.

Huo ndio mlango walioupitia Bunny na Peter. Bunny ndiye wa kwanza kukataa ziara za nje, mwaka huohuo wa 1973, na aliyekwenda kushika nafasi yake Marekani ni Joe Higgs, mwalimu wao wa zamani. Peter akafuata. Alikuwa na kisa chake na Blackwell, ambaye jina lake lina weusi na wema ndani yake. Peter alilipindua pande zote mbili akawa anamwita Whiteworst. Bob akabaki na ndugu wawili Barrett, akawaita Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt kuimba kiitikio, akaajiri mpiga gitaa na mpiga kinanda wapya, na mwaka 1974 akatoa Natty Dread. Ni albamu nzuri, nitaifikia. Lakini hesabu sauti: kati ya zile tatu imebaki moja. Ukitoa mafiga mawili chini ya chungu, lile lililobaki ni jiwe zuri tu.

Wakongomani walilielewa jambo hili kutuzidi. Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, hakuna upande uliokubali kumwachia mwenzake jina. JB Mpiana akabaki na Wenge Musica BCBG, Werrason na wenzake wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère, na mashabiki kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam wakajua kwamba sasa kuna Wenge mbili na kila moja ina hoja zake. Ilikuwa kero na ilileta ugomvi mwingi, lakini ilikuwa kweli. Kwa Wailers jina lilikwenda upande mmoja, na upande mwingine ukaitwa "waliotoka". Bunny alifanya alichoweza: alilichukua jina la bendi akalifanya jina lake mwenyewe. Yeye ni Livingston. Tunamwita Wailer kwa sababu alikataa kuitwa Mwailers wa zamani.

Kuna jibu ninalolijua kabla hujalitoa, kwa kuwa nimelisikia kwa kinyozi wangu Tanga si mara moja. Ukutani ana picha tatu za Bob, na ya nne ni ya timu yake ya mpira. Siku moja nilimwambia kwamba Bunny ana albamu inayoipita Exodus. Alizima mashine katikati ya kichwa changu.

"Mdogo wangu," akasema, "huyo Bunny amejaza uwanja gani?"

Hilo ndilo jibu lenyewe, kwa kinyozi na kwa wasomi, hata kama wasomi wanalivalisha suti. Bob aliuza, Bob alizunguka dunia, Bob alikuja Afrika. Ni kweli. Ila huo ni msimamo wa ligi wa umaarufu, na mimi naulizia albamu, yaani dakika arobaini hivi za muziki ambazo mtu amezipanga kwa makusudi zianzie hapa ziishie pale. Uwanja haumo humo ndani.

Tuutazame mwaka 1976, kwa sababu historia mara chache inatupa mizani iliyo wazi namna hii. Mwaka huo mmoja wote watatu walitoa albamu. Bob alitoa Rastaman Vibration. Peter alitoa Legalize It. Bunny alitoa Blackheart Man. Bendi moja, mwaka mmoja, albamu tatu, na ndugu Barrett wanapiga kwenye zote tatu. Nani ana haki ya kusema mojawapo ni ya bendi na nyingine mbili ni za watoro?

Rastaman Vibration iliingia kumi bora za Marekani, na ina "War", wimbo uliotengenezwa kwa maneno ya hotuba ya Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Kugeuza hotuba ya kidiplomasia ikawa wimbo unaoweza kuuimba umefumba macho ni kazi ya mtu mwenye kipaji kikubwa sana. Lakini toa "War", kisha niambie ni nini kingine unachokikumbuka bila kuangalia. Ni albamu ya mtu aliyeanza kujua anatazamwa.

Legalize It ni nusu mzaha, nusu shari. Peter kwenye jalada amechuchumaa katikati ya shamba la bangi, wimbo wenye jina la albamu ukapigwa marufuku redioni Jamaika, naye akafurahi. Ina raha yake, ila bado anajinyoosha viungo. Pigo lake halisi lilikuja mwaka uliofuata.

Kisha Blackheart Man. Hapa naomba utulie.

Kwa watoto wa Jamaika wa enzi zile, "blackheart man" lilikuwa jina la kutishia. Mtu mwenye moyo mweusi, anayeishi makorongoni, anayekamata watoto wanaozurura. Usiende kule, atakuchukua. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji tafsiri. Tuliambiwa habari za mumiani anayenyonya damu, na wenzetu wa bara wakaambiwa chinjachinja. Kila jamii ina mtu wake wa kutishia watoto, na mara zote mtu huyo ana sura ya kundi fulani ambalo wakubwa wanaliogopa. Kule Jamaika, mumiani alikuwa Rasta.

Hiyo haikuwa hadithi ya jioni tu. Tarehe 11 Aprili 1963, Alhamisi kabla ya Pasaka, yalizuka mapambano katika eneo la Coral Gardens, karibu na Montego Bay, watu wakafa, na serikali ikaamuru Marasta wakamatwe. Walikamatwa kila upande, walipigwa, walikatwa nywele, kosa lao likiwa kufanana. Bunny alikuwa ametimiza miaka 16 siku moja kabla. Mwaka huohuo ndio walioanzisha bendi. Serikali ya Jamaika iliomba radhi mwaka 2017, miaka 54 baadaye.

Sasa sikiliza anachofanya Bunny kwenye wimbo wa kwanza, ambao una zaidi ya dakika sita na hauna haraka hata kidogo. Anarudi utotoni. Anasimulia maonyo ya wakubwa kama alivyoyasikia, kwa sauti ya mtoto mwenye hofu, filimbi ya Tommy McCook ikizunguka juu yake kama upepo wa korongoni. Kisha bila tangazo lolote anakuwa mtu mzima, na mtu mzima huyo anaishi maisha yaleyale aliyoonywa asiyasogelee. Amekuwa mumiani. Hajitetei na hamgombezi mama yake. Anasimulia tu jinsi mtoto aliyeogopeshwa alivyogeuka kuwa kile alichoogopeshwa nacho, na anakuachia wewe msikilizaji ujue kwamba wakati wote ulikuwa upande wa waogopeshaji.

Sijui wimbo mwingine wa mwanabendi yeyote wa zamani, wa bendi yoyote, unaofanya hivyo. Na hapo ni wimbo wa kwanza kati ya kumi. Ndani yake kuna "Fighting Against Convictions", anaporudia maisha ya jela bila kujisikitikia. Kuna "Dreamland", wimbo wa zamani ambao watatu hao walishaurekodi enzi za Perry, na sasa anaupiga taratibu kiasi kwamba unadhani utasimama. Mwisho kabisa kuna "This Train", wimbo wa kiroho wa Weusi wa Marekani, ambao Bunny anauimba kama mtu aliyekaa stesheni ndogo ya reli usiku na hana wasiwasi kama treni itachelewa. Na jambo ambalo wapanga orodha hawalitaji: Bob na Peter wamo humo. Walikuja kumwimbia ndugu yao. Ukitaka kuzisikia zile sauti tatu baada ya 1973, usizitafute kwenye albamu yenye jina la Wailers. Ziko kwenye albamu ya aliyetoka.

Kwa hiyo namba moja ni hiyo, na najua unafikiri nimeichagua kwa huruma, kwamba nampendelea mnyonge. Hapana. Ningekuwa nagawa huruma ningesema Bunny aliendelea vizuri, na hakuendelea vizuri. Alikuwa na Sings the Wailers ya 1980, ambayo ni tamu, lakini pia alitoa Hook Line & Sinker ya 1982, alipojaribu kukimbizana na disko, na hiyo simpi mtu yeyote ninayempenda. Peter naye alikuwa na albamu za kuchosha. Bush Doctor ya 1978, iliyotolewa na kampuni ya Rolling Stones, inafunguliwa na Mick Jagger akiitikia wimbo wa Temptations, na ukweli ni kwamba wanasikika kama wageni rasmi kwenye harusi ya mtu wasiyemjua.

Ninachosema ni kwamba orodha hizi zina matokeo. Si mchezo mtupu. Unapofundisha watu kwamba historia ya Wailers ni historia ya Bob, unawafundisha pia Rasta gani anakubalika: yule anayetabasamu kwenye fulana. Hapa kwetu tumefika mbali zaidi. Kwa Kiswahili cha mitaani "rasta" ni nywele kwanza, ndipo iwe imani. Mtu anakwenda saluni kusuka rasta Ijumaa na kuzifumua Jumapili. Wakati huohuo kijana anayezifuga kwa sababu ya imani anaitwa mvuta bangi kabla hajafungua mdomo. Katika shule niliyosoma mimi, mwenzetu mmoja alinyolewa kwa mkasi mstarini, mbele ya shule nzima, na mwalimu wa zamu aliyeshika mkasi alikuwa na stika ya Bob Marley kwenye pikipiki yake. Sikuiona kama kinyume wakati ule. Hakuna kati yetu aliyeiona.

Nchini Kenya jambo hilo lilifika Mahakama Kuu. Binti wa familia ya Kirasta alikataliwa shuleni kwa sababu ya nywele zake, na Septemba 2019 mahakama ikaamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na katiba na kwamba shule haikuwa na haki ya kumzuia. Mwaka 2019! Matatu zenye sura ya Bob zilikuwa zimeshazeeka na kupakwa rangi upya mara ngapi? Tumeishi na picha yake nusu karne, na bado ilibidi jaji aelezwe kwamba mtoto mwenye nywele hizo si mumiani. Ile picha ya ukutani haikutufundisha hilo. Wimbo wa Bunny ungeweza kutufundisha, kama tungeambiwa upo.

Namba mbili ni Equal Rights ya Peter Tosh, ya 1977, na hapa sihitaji kupiga kelele sana kwa sababu wenye masikio wanakubali. Niliipata kwa mjomba wangu kwenye kanda yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "TOSHI – HAKI". Nyimbo nane, hakuna hata mmoja wa kujaza nafasi. Hoja yake ni moja na inachoma mpaka leo: kila mtu anaililia amani na hakuna anayeililia haki, naye amani isiyo na haki haitaki. Bob katika kipindi hichohicho alikuwa anaelekea kwenye upendo mmoja. Peter alikuwa anauliza upendo huo utalipiwa na nani. Albamu inafungwa na "Apartheid", mwaka mmoja baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na hakuna tamati ya kufariji. Kuna "African" pia, inayomwambia kila mtu mweusi, popote alipozaliwa, kwamba ni Mwafrika. Ukiusikia kwa mara ya kwanza ukiwa Afrika unaweza kuona anasema jambo la wazi mno, mpaka ukumbuke alikuwa anawaambia watu waliofundishwa kulionea aibu.

Na Peter hakuishia kuimba. Kwenye tamasha la amani la Kingston tarehe 22 Aprili 1978, Bob aliwapandisha jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono. Picha hiyo kila mtu anaijua. Kabla yake, jioni hiyohiyo, Peter alisimama mbele ya viongozi haohao akawasema usoni, kuhusu polisi, kuhusu bangi, kuhusu maskini. Miezi michache baadaye polisi walimkamata na kumpiga vibaya. Picha ya jambo hilo haiko kwenye fulana yoyote niliyowahi kuiona.

Namba tatu naifikia kwa furaha kwa sababu ni ya Bob, na si ile mnayoitegemea. Mwaka 1999 jarida la Time liliitaja Exodus kuwa albamu ya karne. Karne nzima! Exodus ilirekodiwa London baada ya Bob kupigwa risasi nyumbani kwake Desemba 1976, na upande wake wa kwanza ni wa mtu aliyekiona kifo kikiingia jikoni. Kuanzia "Natural Mystic" mpaka wimbo wenyewe wa "Exodus" sina neno. Kisha unageuza santuri, na upande wa pili ni mapenzi na ndege wadogo watatu. Nyimbo nzuri zote. Lakini ni albamu mbili zilizogawana jalada, na ile ya pili ndiyo inayopigwa kwenye hoteli za kitalii kuanzia Nungwi hadi Diani.

Survival ya 1979 haina upande wa hotelini. Jalada lake limejaa bendera za Afrika, na nyuma ya jina kuna mchoro wa meli ya watumwa, watu wamepangwa kama samaki kwenye kopo. "Africa Unite", "Babylon System", "Ambush in the Night", ambamo hatimaye anazungumzia risasi zile. Na "Zimbabwe", aliyoiimba kabla nchi yenye jina hilo haijazaliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 alikuwepo Rufaro, Salisbury, bendera ya Uingereza iliposhushwa. Polisi walirusha mabomu ya machozi kwa umati uliokuwa unasukumana kuingia, moshi ukafika jukwaani, naye akarudi kuimba. Kwa hiyo nikimweka wa tatu asije mtu akasema simheshimu. Namheshimu kuliko wanaomtundika ukutani, kwa sababu mimi nataka asikilizwe pale alipokuwa mkali.

Nne ni Natty Dread, kwa njaa iliyomo ndani yake. Tano ni Protest ya Bunny, ya 1977, na hii naiweka kwa sababu moja kubwa: ina "Get Up, Stand Up". Wimbo huo waliutunga Bob na Peter, wakaurekodi watatu mwaka 1973. Mwaka 1977 Peter akaufungulia Equal Rights, na Bunny akauweka kwenye Protest, kila mmoja kivyake. Bob aliupiga jukwaani mpaka ziara yake ya mwisho. Bendi imekufa, kila mtu yuko kwake, na wote watatu wanaimba wimbo mmoja wa kukataa kukaa chini. Sikiliza wa Peter na wa Bunny bila kupumzika katikati. Mmoja anaamrisha, mwingine anasihi, na utaanza kusikia mahali ambapo sauti ya tatu ingeingia.

Exodus ni ya sita, Legalize It ya saba, Rastaman Vibration ya nane. Huko chini sibishani sana.

Peter aliuawa na majambazi nyumbani kwake tarehe 11 Septemba 1987. Grammy yake ilikuja baada ya kifo. Bunny aliishi mpaka Machi 2021 na alipata tatu. Ni haki kusema tuzo ya reggae ilianza mwaka 1985 tu, kwa hiyo Blackheart Man isingeweza kuipata. Lakini tazama alizipewa kwa kazi zipi. Moja ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zake mwenyewe. Mbili zilikuwa albamu za kumwimba Bob.

Na Legend, ile ya 1984 ambayo iko kwenye kila nyumba, haimo kwenye orodha yangu kwa kuwa ni mkusanyiko, na kwa kuwa walioikusanya walijua wanachokificha. Ina nyimbo 14. Tano zimetoka Exodus. Kutoka Survival, hakuna hata mmoja. Kutoka Rastaman Vibration, hakuna. "Stir It Up", "Get Up, Stand Up" na "I Shot the Sheriff" zimetoka kwenye zile albamu mbili za 1973, na humo anayeitikia juu ni Bunny, anayeitikia chini ni Peter. Kinyozi wangu anazipiga kila siku. Nimemwambia asikilize nyuma ya Bob, na safari hii mashine hakuizima, aliongeza sauti ya redio tu.